Nilivyomtafutia Tambi Mnunuzi

Jumapili, 20 Julai

Mnada wa watoto wanaouza mifugo yao, kwenye maonyesho ya kaunti, ni Jumamosi hii. Mjukuu wangu Linnea anauza kondoo wake wa kwanza, Tambi. Mgongo mzuri, miguu mizuri, akili hana. Lakini shida si kondoo. Shida ni kwamba Linnea na wazazi wake wamerudi Nebraska juzi juzi tu, wakati wa theluji, na hakuna mnunuzi anayemjua.

Na huku kwetu hakuna anayekuja kwenye mnada wa watoto kutafuta nyama. Mtu anakuja kununua mfugo wa mtoto anayemfahamu, tena kwa bei ya kumtia moyo. Baba yake Linnea, mwanangu Kent, aliingia ulingo wa mnada akiwa na umri kama wa binti yake. Dalali akaita. Akaita tena. Kimya. Kent hakufuga tena hata kuku. Siwezi kuliona jambo lile mara ya pili, moyo wangu hautaki.

Mke wangu Arlys anasema Linnea azunguke mwenyewe kuwaalika watu, kama watoto wote wanavyofanya. Kuwaalika tu! Nimemwambia aniachie mimi.

Jumatatu, 21 Julai

Benki, asubuhi. Kwa meneja, Bi Corliss Odvody. Nimempelekea sinia la mikate ya mdalasini iliyokuwa jikoni. Kafurahi sana. Kaniuliza habari za Linnea. Hapo nikatega mtego wangu: nikamnong'oneza kwamba Gaylen Pfeifer, muuza mbegu, ameshajiwekea kondoo wa mtoto huyo. Amemng'ang'ania!

Corliss akajipangusa sukari vidoleni. Akasema basi vizuri, Gaylen ni mtu mwema, mtoto yuko pazuri. Wivu huo! Nimeuona machoni.

Jioni. Kumbe mikate ilikuwa ya msiba kanisani. Arlys haongei nami.

Jumanne, 22 Julai

Kwa Gaylen. Nimembebea magunia ya mbegu mpaka kiuno kikagoma. Nikamwambia, kama vile imeniponyoka, kwamba Corliss ameshamweka Linnea moyoni, yeye na benki nzima. Gaylen akasema Corliss ni mama wa heshima. Kisha akaanza habari za mvua. Mtu akikimbilia mvua, ujue ndani anaungua. Jumamosi hawa wawili watapandishiana bei mpaka kofia ziwatoke!

Kiuno bado.

Alhamisi, 24 Julai

Maonyesho yamefunguliwa. Nimemsaidia Linnea kumwosha Tambi. Tambi kapiga ndoo teke, maji yote kwenye buti zangu. Linnea kacheka mpaka kakaa chini. Nampenda mtoto huyu hata akinicheka.

Kisha akaniambia kwamba naye amealika mnunuzi. Nani? Emil Vrbka!

Emil jirani yangu. Emil aliyesimama mbele ya kanisa zima akasema fensi yangu imelewa. Miaka kumi na moja hatujanywa kahawa pamoja. Tena bahili, mkono wake haujui njia ya kutoka mfukoni. Linnea anasema amekuwa akienda kwake kwa baiskeli tangu shule zifungwe, kumwonyesha picha za Tambi anavyokua, na Emil humpa kolachi za plamu, vile vimkate vya Wacheki, na kumfundisha kumsimamisha kondoo ulingoni.

"Babu, hajawahi kualikwa na mtoto hata mmoja," akasema. "Wote wanamwogopa."

Nikasema wana sababu. Mtoto akaninunia.

Sitaki Emil akae pale kama mwiba, awafukuze wateja wangu. Nimepita kwake jioni, nikamwambia kwa upole kwamba mnada umesogezwa mpaka Jumapili. Akanishukuru. Rahisi kama kumnyang'anya kuku mahindi. Ingawa, kusema kweli, kuku hunidonoa.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika kabla hata sijavua buti.

Corliss alikaa mbele, Gaylen nyuma yake. Safi kabisa. Linnea akaingia na shati jeupe, kamshika Tambi chini ya kidevu, kamsimamisha sawasawa. Dalali akaanza. Corliss akageuka, akamtabasamia Gaylen. Gaylen akavua kofia, kama anayempisha mama mlangoni. Hakuna aliyeinua mkono. Kila mmoja anamsubiri mwenzake!

Dalali akaita tena. Kimya. Nikakohoa. Nikamkonyeza Corliss. Akanipa peremende. Nikataka kuinua mkono wangu mwenyewe, Arlys akaukalia: ndugu haruhusiwi. Nikamwona Linnea anatutafuta kwa macho, mkono bado chini ya kidevu cha Tambi. Kwenye benchi kando yangu Kent ameinama, haangalii. Nikatamani ardhi inimeze, mimi na maarifa yangu yote.

Sauti ikatoka nyuma kabisa. "Kondoo wa huyo mtoto namtaka mimi."

Emil. Shati limepigwa pasi.

Hapo wale wawili wakagutuka. Corliss akainua mkono, Gaylen akainua, bei ikapanda. Emil hakushusha wake hata mara moja. Mnada ulipomwangukia yeye, dalali alimwomba aushushe, wengine wapate kuuza. Linnea akaficha uso kwenye manyoya ya Tambi. Kent akasimama akapiga makofi peke yake kabla ya watu wote. Mimi nilitoka nje, nikaenda nyuma ya banda la mbuzi. Kulikuwa na vumbi, machozi yakanitoka. Vumbi.

Gaylen akanifuata huko huko. "Delmar, si uliniambia Corliss ameshamchukua? Mimi nikamnyang'anye mwenzangu mtoto? Ningeonekanaje?"

Corliss naye hivyo hivyo. Arlys akasema njia ya mwongo ni fupi, na mimi nimeipita mbio.

Mwisho akaja Emil. Nikajiandaa kutukanwa.

"Wewe ukiniambia jua limechomoza, natoka nje kutazama," akasema. "Mnada Jumapili, eti."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama Linnea atafuga tena mwakani. Nikasema atafuga. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Tukapeana mikono. Akanikumbusha kwamba fensi bado imelewa.

Jumapili, 27 Julai

Linnea amempelekea Emil kadi ya asante na biskuti alizooka mwenyewe. Amebaki huko hadi saa ya chakula. Amerudi na mpango wa kondoo wawili.

Mimi nimekanda unga tangu alfajiri, mikate ya kulipa ile ya msiba. Mkono ukikanda, kichwa kinafikiri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mpango haukuwa mbaya, ila wivu ulikuwa mdogo: meneja wa benki hawezi kumwonea wivu muuza mbegu. Anahitajika mshindani wa kuogopwa, mtu ambaye kaunti nzima imemwona akikataa kushusha mkono!

Kwa hiyo baada ya ibada nimemvuta Corliss kando, nikamnong'oneza kwamba kondoo wa Linnea wa mwakani ameshachukuliwa na Emil. Gaylen naye nimemwambia vilevile, pale penye kahawa. Wote wawili wamenishika mkono, wamenishukuru sana kwa kuwaarifu mapema, wasije wakamwingilia Emil.

Wivu mtupu.