Jinamizi Halipandi Kigoda

Dokta Pole hakusomea udaktari, hata wa kuku. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu alikuwa anakupa pole kabla hujataja kinachokuuma, na ukishapewa pole na mtu aliyevaa koti jeupe, lazima utaanza kujipapasa. Asubuhi moja alikuwa kwenye foleni ya dirisha la kiwanda cha mikate, anasubiri mikate ya jana inayouzwa nusu bei, wakati wakandaji wa zamu ya usiku wanatoka, unga umewajaa hadi kwenye kope.

"Jana mchana lilinikalia tena," mmoja wao akamwambia mwenzake. Huyo alikuwa Mama Hamira, mkandaji mkongwe, aliyeitwa hivyo kwa sababu watu waliamini unga hauumuki mpaka aushike yeye. "Niko macho kabisa. Namwona paka dirishani, nasikia watoto wa jirani wanagombania mpira. Lakini hata kidole siwezi kukisogeza. Kifuani kuna kitu kizito kimekaa, na mlangoni kuna mtu amesimama. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki."

"Jinamizi hilo. Mimi lilinikaba juzi."

"Nani humu ndani halijamkaba?"

Masikio ya Dokta Pole yakasimama. Mwingine angesikia maradhi; yeye alisikia soko. Akaiacha foleni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya binadamu yeyote, akamsogelea yule mama.

"Pole, mama."

"Pole ya nini?"

"Ya huyo anayesimama mlangoni."

Mama Hamira akashika mdomo. Hakukumbuka kwamba alikuwa ameyasema hayo kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Kabla jua halijapanda, daktari alikuwa chumbani kwake.

Elimu ya Dokta Pole ilikuwa hivi: jinamizi halitembei kwa miguu. Huingia chumbani limepanda kitu, kama kupe anavyoingia zizini amempanda ng'ombe. Kitu hicho kisipotolewa kikahifadhiwa na mtaalamu, litakukalia mpaka mbavu ziingiane. Kulitambua kulihitaji kipimo, na kipimo chenyewe kilikuwa kengele ya baiskeli. Alizunguka nayo chumba kizima, akiiliza mbele ya kila kitu huku ameinamisha kichwa. Kigoda, salama. Ndoo, salama. Mkeka uliochanika, salama salimini. Alipofika kwenye cherehani ya miguu, kengele ikalia sauti ileile, lakini daktari akaruka nyuma.

"Limo humu!"

"Dokta, hiyo cherehani nimeikandia unga miaka na miaka. Nikipata wateja wa kutosha wa kushona, naachana na zamu za usiku. Sina kingine."

"Umeona? Linajua unachokipenda."

"Sasa itakaa huko kwako mpaka lini?"

"Mpaka litoke."

"Litatoka lini?"

"Mama," Dokta Pole akasema kwa huzuni, "jinamizi halina ratiba."

Cherehani ikaondoka kwa mkokoteni, na nauli ya mkokoteni akalipa mgonjwa. Zikafuata televisheni ya mwoka mikate, redio ya mfunga mikate na kapeti jipya la dereva wa gari la mikate. Hapa inafaa tulipongeze jinamizi kwa uchaguzi wake. Katika vyumba vyote vilivyopimwa, halikuwahi kupanda kigoda, wala sufuria iliyotoboka. Lilikuwa jinamizi la hadhi, lenye kupenda vitu vyenye waranti.

Vyote hivyo Dokta Pole alivirundika kwenye chumba alichopanga nyuma ya gereji. Hakuwa mjinga wa kuuza kimoja kimoja mjini humo, mwenye redio akaja kuisikia inaimba kwa mtu mwingine. Alikuwa amekwisha kupatana na mwenye lori: mzigo ukijaa, wanauhamishia mji mwingine, na daktari anahama pamoja nao.

Mama Hamira, kwa upande wake, aliendelea kukabwa kama kawaida. Wifi yake, mwuguzi wa zahanati, alipokuja kumsalimia na kukuta pembe ya chumba tupu, akauliza, akajibiwa, akakaa kitandani kwa kishindo.

"Wifi, wewe unalala saa ngapi?"

"Wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Wiki nyingine, nikijaliwa."

"Unalalaje?"

"Chali. Mgongo unaniuma."

"Basi jinamizi lako ndilo hilo. Ubongo unaamka, mwili bado umelala, ndiyo maana huwezi kujisogeza. Na ndoto haijaisha, ndiyo maana unaona watu mlangoni. Humpata zaidi mtu aliyechoka, asiye na saa maalumu ya kulala, na hasa akilala chali. Linatisha, lakini haliui. Lala kwa ubavu. Na huyo meneja wenu anayewabadilishia zamu kila wiki, huyo ndiye wa kupigiwa kengele."

"Na cherehani?"

"Cherehani ina kosa gani?"

Mama Hamira akalia, kwa hasira na kwa aibu. Kutapeliwa kunauma kuliko kuibiwa, maana mwizi huchukua mali akakuachia akili zako. Kushtaki asingeweza: angesema nini, kwamba alimkabidhi mtu cherehani kwa mikono yake, akamlipia na mkokoteni? Akajifuta machozi kwa upande wa kanga, akawaita wenzake waliochukuliwa vitu, wakazungumza hadi saa ya zamu.

Kesho yake akaenda kwa Dokta Pole na tabasamu pana.

"Dokta, tangu juzi nalala kama mtoto mchanga! Kiwanda kizima kinakutaka. Niachie mimi nikupangie wagonjwa."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na nyoka huyu alitoka na mkia wake wote. Akampa Mama Hamira kazi ya ukarani, na ufunguo wa chumba ili awe anapokea mizigo wakati yeye yuko kazini.

Mama Hamira akapanga. Wa zamu ya usiku walitaka kupimwa alfajiri, kabla hawajalala. Wa zamu ya mchana walitaka kupimwa usiku, wakisharudi. Wa zamu ya jioni walimtaka adhuhuri, na wote walikaa mbalimbali. Daktari alipolalamika, karani wake alimjibu kwa upole kwamba jinamizi halina ratiba. Na kila alikopiga kengele alikuta limepanda kitu kikubwa: kabati lisilo milango, friji lililokufa zamani, sofa lenye kunguni. Dokta Pole aliona ukubwa tu. Tamaa haifungui friji kuangalia kama linagandisha.

Chumba kikajaa. Mwisho ikabaki njia nyembamba kati ya friji na kabati, na humo ndimo alimotandika godoro. Kulala kwa ubavu hakukuwezekana, bega liligonga. Alilala chali, mikono ameibana, na alilala pale tu karani wake alipomruhusu.

Alasiri moja, lori likitarajiwa kesho yake, alijitupa humo akapitiwa. Akaamka. Tuseme macho yaliamka. Aliliona kabati kushoto na friji kulia, akasikia fundi wa gereji anagonga bati. Akataka kujikuna pua, mkono ukakataa. Kifua kikawa kizito kana kwamba sofa lile limeangukia juu yake. Na mlangoni palikuwa na mtu amesimama.

Alikuwa Mama Hamira. Nyuma yake waliingia mwoka mikate, mfunga mikate, dereva na wifi mtu, wote pekupeku, viatu mkononi. Walikuwa wamepanga kumkuta amelala fofofo, maana fundi wa gereji asingekubali kitu kitoke daktari akiwa hayupo. Hili la macho kuwa wazi hawakulitarajia.

"Yuko macho!" mwoka mikate akanong'ona, tayari anageuka kukimbia.

Wifi akainama, akamchungulia. "Macho tu. Mwili bado umelala. Fanyeni haraka, halikawii kuachia."

Dokta Pole alipiga kelele kwa nguvu zake zote, na hakuna kilichosikika. Aliona cherehani inatangulia mlangoni. Aliona Mama Hamira anageuka, anamtazama.

"Pole, dokta," akasema.

Kisha usingizi ukamzamisha tena, mzito, wa mwezi mzima uliokuwa unamdai. Alipozinduka jioni, chumba kilikuwa kipana ajabu. Walikuwa wamemwachia friji, kwa kuwa hata mwenye friji hakulitaka.

Alifika kwenye dirisha la mikate anahema, akampita kila mtu kwenye foleni.

"Mwizi! Nimekuona kwa macho yangu haya, umebeba cherehani!"

"Ulikuwa umesimama wapi, dokta?" Mama Hamira akauliza.

"Nilikuwa nimelala!"

"Umelala, halafu unaniona."

"Ndiyo!"

"Mbona hukunizuia?"

"Ningekuzuiaje? Sikuweza kusogea! Sauti haikutoka, kifua kizito, wewe umesimama mlangoni..."

Foleni nzima ikaguna kwa huruma.

"Masikini," bibi mmoja akasema. "Na yeye limempata."

"Huja na sura ya mtu unayemjua," mwingine akaongeza.

Dokta Pole akafungua mdomo kutangaza kwamba hakuna kitu kinachoitwa jinamizi. Akaona swali litakalofuata: basi vitu vya watu vilikuwa vinatafuta nini chumbani kwako? Akaufunga.

Mwezi ule Mama Hamira alianza kushona sare za shule barazani kwake, mchana, akawa analala usiku kama wanavyolala watu. Kiwandani wakatafuta mkandaji. Dokta Pole, ambaye alikuwa anatafutwa na mwenye lori na mwenye chumba kwa pamoja, aliona afadhali ajifiche mahali penye mshahara. Koti jeupe alikuwa nalo tayari.

Zamu zilipombadilikia mara ya tatu, jinamizi likamkalia, na mara hii hata bila friji. Akamfuata msimamizi.

"Bosi, tatizo ni hizi zamu. Mwili haujui ulale saa ngapi. Wiki hii mchana, wiki ijayo usiku, mtu atakosaje kukabwa? Wapangieni watu zamu moja, mtaona."

Msimamizi akamtazama kwa makini.

"Wewe si ndiye yule daktari uliyekuwa unasema linatokana na vitu vya chumbani?"

"Ni mimi, lakini ule ulikuwa..."

"Meneja aliupenda sana ule utaalamu wako. Wafanyakazi walipokuja kulalamikia zamu, akawaambia mtaalamu amekwisha kupima, kosa liko majumbani kwao." Akamwonyesha meza ya kukandia. "Rudi kazini, unga unakauka."