Kidole Kwanza, Kishikwambi Baadaye

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni shemeji yangu, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Msaidizi wa Mimi Mwenyewe, viongozi wetu wa dini mlioomba dua fupi kwa urefu uliostahili, wazee wetu, hazina yetu, kina mama, jeshi letu, mwalimu mkuu, mwalimu wa chekechea, ambaye naona amesimama ingawa viti vipo tele, wapiga picha, hasa wapiga picha, na ninyi watoto wetu mliokaa hapo chini mchangani kwa nidhamu inayonitoa machozi: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mheshimiwa niliyemsahau, basi ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mtoto mmoja analia, anabembelezwa.)

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu leo si kwa kupenda kusimama, maana wanaonijua wanajua napenda kukaa (vicheko kutoka meza kuu), bali kwa sababu ofisi yangu, kwa kushirikiana na wadau, na wadau wa wadau, katika muktadha wa mkakati jumuishi na shirikishi wa mageuzi ya kidijitali ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, imedhamiria, na narudia kwa wale waliokuwa wanasinzia, imedhamiria, kuhakikisha kwamba hakuna mtoto wa miaka minne katika eneo hili atakayefika miaka mitano bila kugusa kioo. Kishikwambi, kwa bibi zangu wa kule nyuma ambao hamjakiona, ni hiyo tableti mnayoisikia: unagusa hapa, ng'ombe analia, unagusa pale, herufi inaruka, mtoto anasoma huku anacheza, na mwalimu anapumzika. (Bibi mmoja: "Ng'ombe si tunaye!") Bibi yangu, ng'ombe wako hana programu.

Sasa yapo maneno. Nimeyasikia, maana masikio ninayo, hata kama mke wangu anasema vingine. Eti mbona chumba cha chekechea kina kufuli tangu muhula uliopita, na watoto wanasomea barazani, jua likihama wanahama, mvua ikinyesha wanarudishwa makwao? Jamani! Mgeni wa heshima si hufagiliwa nyumba kwanza? Kishikwambi hakitaki vumbi, hakitaki unyevunyevu, hakitaki makamasi. Wataalamu wetu walifanya upembuzi yakinifu wakabaini kwamba asilimia tisini na nane ya vumbi la chumbani lilikuwa linaingia na watoto, kwa hiyo tukachukua hatua stahiki: tukawatoa watoto. Tukaondoa pia ubao ule mweusi, na vile vizibo vya soda vya kuhesabia, na vile vipande vya mbao vya kujengea vijumba, kwa sababu mshika mawili moja humponyoka. (Mwalimu wa chekechea ananyoosha mkono: "Mheshimiwa, mimi naomba ufunguo tu. Masika haya hapa, na wawili tayari wanabanwa na kifua.") Shusha mkono, mwalimu. Muda wa maswali utakuja muda ukiisha.

Wala hatukukaa bure! Awamu ya Kwanza, yaani Awamu ya Kidole, imetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne. Muhula mzima, badala ya kupoteza wakati na a-e-i-o-u, watoto hawa wamefundishwa kugusa hewani, kutelezesha hewani, na kukuza picha kwa vidole viwili kwenye kiganja cha jirani. Watoto, kidole! (Watoto wote wananyoosha kidole na kuitelezesha hewa kulia. Wapiga picha wanagombania nafasi.) Mmeona wenyewe. Juzi mama mmoja alikuja ofisini analia, eti mwanawe amechukua kitabu cha dada yake, akamsugua tembo wa ukurasa wa kwanza kwa kidole mpaka karatasi ikatoboka, kisha akaangua kilio kwamba tembo amezima. Nikamwambia, mama, hongera! Huyo umeshazaa mhandisi. (Makofi meza kuu. Mama mwenyewe hapigi.)

Na sasa namwita mtoto wa kwanza kabisa kugusa. Njoo, Kipipi. (Kipipi, binti wa miaka minne aitwaye hivyo kwa kupenda peremende, anapanda jukwaani: "Shikamoo, babu.") Marahaba, lakini mimi si babu, ni mheshimiwa. Ondoeni kitambaa kilichofunika kishikwambi! (Kitambaa kinaondolewa. Kipipi anagusa. Anagusa tena. Anatelezesha kwa vidole viwili. Hakuna ng'ombe anayelia, hakuna herufi inayoruka.) Msikiharakishe, kinawaza. Vitu vya thamani huwaza kwanza, hata mimi ndivyo nilivyo. (Kipipi anakigeuza. "Mwalimu! Ni ubao wetu! A yako iko huku nyuma!" Mwalimu anaziba mdomo kwa kanga.) Naam. Hiki ni kishikwambi cha mfano, na mfano ndio mama wa uhalisia. (Kipipi: "Nikichukue? Mwalimu aandike na e.") Hapana, mwanangu, hiki ni mali ya ofisi, na kesho kinazinduliwa shule ya ng'ambo ya pili. Mshusheni. (Kipipi hakiachii. Anabanduliwa vidole kimoja kimoja.)

Kabla sijakaa, shukrani. Namshukuru fundi seremala aliyeukata ubao ule kwa ustadi mkubwa. Namshukuru muuzaji wa vishikwambi, ambaye hatujamwandikia, hatujamtafuta wala hatumjui, ila naamini yupo. Na kwa namna ya pekee naishukuru shule hii kwa kunihifadhia muhula mzima viti na maturubai yangu ya kukodisha, ambavyo leo mmevikalia bila malipo, na mmejionea wenyewe: havina hata chembe ya vumbi! (Minong'ono. Matone ya kwanza yanagonga turubai.)

Kidole kwanza! ("Kishikwambi baadaye!" inaitikia meza kuu peke yake.) Kidole kwanza! (Mvua inashuka. Mwalimu wa chekechea amesimama mlangoni pa chumba chenye kufuli, mkono umekunjuliwa: "Ufunguo, mheshimiwa.") Ufunguo huu hapa, mwalimu, hata hukuwa na haja ya kuomba. Vijana, fungueni upesi, viti viingie visije vikalowa! Ninyi watoto, mbio nyumbani. (Mlango unafunguliwa. Watoto hawakimbii. Wamesimama kwenye mvua, wote wamenyoosha kidole, na safari hii hakuna anayetelezesha hewa: wamemwelekezea mheshimiwa.) Mnaona, ndugu wapiga picha? Nani alisema mradi haujafika? Asanteni sana.