Sufuria ya Sarma Iliyokataliwa Gatini

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Katamarani,
Split.

Mheshimiwa Bwana,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umeshiba, na umeshibishwa na mtu anayekupenda. Nasema hivyo makusudi, na ukisoma mpaka chini utaelewa. Mimi ni Lukrecija Marčelić, mjane wa marehemu Bartul, mkazi wa kisiwa cha Brnistra, kile ambacho kwenye ramani ya ofisini kwako pengine kimefunikwa na kichwa cha pini. Hapa kila mtu ananiita Shangazi Lukra, hata wanaonizidi umri, na nimeshazoea.

Kwanza nikupongeze. Tangu uiondoe ile feri kuukuu ukatuletea katamarani, hiyo boti ya mwendo kasi, sisi watu wa Brnistra tumekuwa watu wa kisasa. Zamani tulikuwa tunafika mjini Split tumechoka. Siku hizi tunafika tumetapika, lakini mapema. Viti ni laini, televisheni inatuonyesha picha za bahari kwa kuwa madirisha ni machafu mno kutuonyesha bahari yenyewe, na mlango wa choo unafunguka wenyewe, hata kama mtu bado hajamaliza haja zake. Haya yote ni maendeleo, na mimi si mpinzani wa maendeleo. Nina malalamiko machache tu, nimeyatia namba ili usihangaike.

1. Kuhusu sufuria yangu.

Bwana Mkurugenzi, sijui mama yako alikulea vipi, lakini huku kwetu mtoto akihamia mjini chakula chake humfuata. Kila Jumatatu akina mama tulikuwa tunashuka gatini na masufuria yetu, yamefungwa vitambaa juu, tunamkabidhi Visko, baharia wa feri. Visko alikuwa akiyapanga chumbani kwake, na bahari ikichafuka alikuwa akikaa katikati yake na kuyashikilia. Kule Split watoto wanakuja kuyapokea. Nasema watoto, ingawa wengine wana vipara. Ijumaa masufuria yanarudi matupu, na Jumatatu tunaanza tena. Hakuna aliyeandikisha kitu, na hakikuwahi kupotea hata kifuniko.

Basi Jumatatu ya kwanza ya katamarani nikashuka na sufuria ya sarma. Kama huko ofisini mmesahau sarma ni nini, ni nyama iliyoviringishwa ndani ya majani ya kabichi chachu na kupikwa taratibu mpaka jirani aanze kupita mlangoni bila sababu. Pale kwenye ngazi nilipokewa na binti mmoja anaitwa Nives, kajifunga skafu shingoni, mpole, kakonda. Akaniuliza abiria mwenye sufuria hii yuko wapi. Nikamwambia yuko Split, anaisubiri, ana njaa. Akanijibu kwa adabu zote: "Shangazi, mzigo bila abiria hausafiri. Ndiyo kanuni."

Nilimweleza kwamba huu si mzigo, ni chakula cha mchana. Hakuelewa, maana kanuni zenu hazijui tofauti hiyo. Nikaipandisha sufuria mlimani mpaka nyumbani na kuila peke yangu wiki nzima, nikiwa nimekaa mezani natazamana na kiti kitupu. Siku ya tatu sarma inaanza kumchoka mtu, na mtu naye anaanza kujichoka.

2. Kuhusu mbwa.

Wakati mimi na sufuria tunarudishwa, akapanda mbwa wa watalii, mkubwa kama ndama. Nikauliza, huyu je? Nikaambiwa huyu ana tiketi. Sina ugomvi na mbwa yule. Kwa kweli katika chombo kizima ndiye peke yake aliyenusa sufuria yangu na kuipa heshima yake. Nauliza tu, kwa unyenyekevu: sarma imewahi kubweka? Imewahi kunyanyua mguu penye kona ya kiti cha mtu? Sarma inakaa pale ulipoiweka, haivui viatu, haipigi picha, haimuulizi nahodha kama kisiwa kile ni Italia.

Kwa kuwa mimi ni raia mwema, niliamua kuikatia tiketi. Mashine ikataka jina na tarehe ya kuzaliwa. Nikamwambia Nives aandike: jina, Sarma, imezaliwa Jumapili baada ya Misa. Nives akacheka, kisha akakumbuka yuko kazini, akaacha.

Jumatatu iliyofuata nikakata tiketi kwa jina la marehemu mume wangu, ambaye kitambulisho chake cha mkazi wa kisiwa bado kinafanya kazi, serikali haijapata nafasi ya kuja kukichukua. Nikasema sufuria ni mzigo wake. Kipaza sauti kikaanza kumwita Bartul Marčelić afike ngazini haraka. Watu wa gatini wakapiga ishara ya msalaba, na jirani yangu Filomena, ambaye moyo wake si mzima, ikabidi aketishwe juu ya lundo la nyavu. Nives akaniambia abiria wangu kachelewa. Nikamwambia, mwanangu, tangu afe hajawahi kuchelewa popote. Akashuka nahodha mwenyewe, akaitazama sufuria, akameza mate, akasema hapana.

3. Kuhusu kasi.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini wahenga hawakupanda katamarani, basi tuwasamehe. Feri ilikuwa inachukua nusu ya asubuhi. Katika nusu ya asubuhi mtu anaweza kugombana na Filomena kuhusu mpaka wa mizeituni, akanuna, akanywa kahawa, akaombwa radhi, na kushuka Split wameshikana mikono. Kwenye katamarani tumepangwa wote tukitazama visogo vya wenzetu, kama darasani. Ugomvi unaanza penye mnara wa taa, na kabla haujafika kwenye matusi yenye maana, tumeshafika. Sasa kisiwa kizima kimejaa ugomvi usiokwisha, watu wanarudi nao nyumbani jioni na kulala nao. Mimi na Filomena hatujasemezana tangu Pasaka, na kosa ni la injini zako.

4. Kuhusu mwanangu Prošper.

Hapa, Bwana Mkurugenzi, naomba usome polepole.

Prošper ni mtoto wangu wa pekee. Ana miaka arobaini na moja na ni mtu mkubwa katika ofisi ya mipango ya mji. Bila sahihi yake hapo Split hujengi hata banda la kuku. Lakini yai hawezi kulichemsha. Hilo ni kosa langu, nalikubali, na si la kujadiliwa na kampuni ya meli. Kisiwani haji, kwa sababu ana kazi. Krismasi alikuwa na kazi. Pasaka alikuwa na mkutano. Siku ya kumbukumbu ya baba yake kulikuwa na upepo, ambao huku kwetu hatukuuona, lakini mjini kuna pepo nyingi. Simu anapiga, namshukuru Mungu, ananiambia yuko salama na kwamba ataniambia zaidi akipata nafasi.

Kwa hiyo mimi mwanangu nilikuwa namsoma kwenye sufuria. Ikirudi imefutwa kwa mkate mpaka inang'aa, najua yuko vizuri. Ikirudi na mchuzi umegandia pembeni, najua ana mawazo, na Jumatatu naongeza nyama iliyokaushwa kwa moshi. Mwaka juzi wakati wa baridi ilirudi imeoshwa, imekaushwa, na ndani ina kitambaa kipya kilichokunjwa vizuri. Nikajua kuna mwanamke. Nilikwenda kanisani kwa Mtakatifu Roko nikawasha mshumaa, na Jumatatu nikapika cha kutosha watu wawili. Masika ikarudi haijaoshwa, na sarma zaidi ya nusu zimo. Sikumuuliza kitu. Nilirudi kupika cha mtu mmoja, naye hakuniambia kitu, na tukaelewana.

Hiyo ndiyo sufuria mliyoikataa, Bwana Mkurugenzi. Kwenye kanuni zenu mmeiandika mzigo usio na mwenyewe. Sasa sijui kama mwanangu anacheka au analia. Juzi nilimuuliza kwenye simu amekula nini, akasema amekula kitu ndani ya mkate. Kitu gani? Akasema, "Kitu tu, Mama." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami usiku ule nililala macho namuwaza mtoto niliyemzaa mwenyewe akitafuna kitu.

5. Kuhusu ninachodai.

Sitaki makuu. Nataka masufuria ya Brnistra yatambuliwe rasmi kuwa wakazi wa kisiwa, yapewe vitambulisho vyenye picha, na yasafiri kwa nauli ya punguzo kama sisi. Nataka yapewe viti vya dirishani, mbali na mbwa. Bahari ikichafuka, maboya ya kuokolea yagawiwe kwanza kwa masufuria, kisha wanawake na watoto, kisha watalii wanaojua kuogelea, na wanavyojisifu ni wote.

Hilo likishindikana, nataka kampuni imchukue Prošper kama mwana wa kulea. Mama yako mzazi, kama yu hai, ampikie kila Jumatatu, wewe mwenyewe umpelekee, na Ijumaa uniletee sufuria bila kuiosha. Nisisitize hapo: bila kuiosha.

Na hilo nalo likishindikana, basi acha nikupe taarifa tu, maana mimi si mtu wa vitisho. Kila Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, watu wa Brnistra huburuta chombo kimoja mpaka mbele ya kanisa na kukichoma moto, kumshukuru mtakatifu. Kwa desturi ni chombo kizee. Padri wetu, Don Kuzma, nilimuuliza kama kuna andiko lolote linalosema lazima kiwe kizee. Akasema atatafuta. Mpaka leo hajalipata.

Nakuachia hapo, Mheshimiwa. Mfikishie nahodha salamu zangu, na umwambie nilimwona alivyomeza mate. Msalimie Nives, yeye alikuwa anatimiza wajibu wake, na umwongezee mshahara au chakula. Wasalimie mafundi wa injini, makarani wa tiketi, aliyeandika ile kanuni, na mama wa huyo aliyeiandika, ambaye namhurumia sana. Visko, uliyemstaafisha, anakusalimu pia, kwa maneno ambayo nimeona nisiyaandike. Mbwa akipanda tena, naye mpeni salamu.

Wako mwenye njaa ya mtu mwingine,

Lukrecija Marčelić (Shangazi Lukra)

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, lakini ule upepo wetu wa jugo ukavuma toka kusini siku kadhaa na chombo chako hakikuthubutu kutoka bandarini, kwa hiyo ikabaki mezani. Jana Ijumaa upepo ulipotulia katamarani ikaja, nikashuka nayo gatini nimkabidhi Nives. Ngazi ikateremshwa, watalii wakashuka, na nyuma yao akashuka Prošper.

Uso ulikuwa umempauka kwa kichefuchefu cha bahari, kakonda, shati halijapigwa pasi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mtoto huyu, nimeyaweka tangu Krismasi, lakini aliniwahi. Yeye akasema, "Mama, nimeshindwa. Nina njaa." Tulipanda mlimani, hakungoja hata nitandike meza, akala kwa kusimama penye jiko, sahani ya kwanza na ya pili. Ya tatu alikaa, kwenye kile kiti. Akanisimulia habari za yule mwanamke, mwanzo mpaka mwisho, jina lake, kazi yake, na jinsi alivyoondoka. Alilia kidogo. Kisha akalala chumbani kwake mpaka jua la mchana, na sasa hivi ninapoandika yuko juu ya ngazi anatengeneza dirisha lililovunjika baba yake angali hai. Anasema atakuja tena Ijumaa ijayo, na ile nyingine, maana atafanyaje, sufuria haiwezi kwenda kwake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi, yote niliyoyaandika hapo juu nakuomba uyakatae. Kanuni yenu ni nzuri, ina hekima, na aliyeiandika Mungu amzidishie. Ikazeni. Kuna mpwa wa Filomena ana boti ya uvuvi na ameanza kujitolea kuwapelekea watu masufuria mjini. Kama mna mamlaka juu yake, mzuieni.

Utajiuliza, basi barua ya nini tena? Nimekuwa mjane miaka mingi, ofisi nazijua: ili mtu akataliwe, lazima kwanza aombe. Mimi nimeshaomba. Wewe nikatalie, kwa maandishi na kwa muhuri mkubwa, ili siku Prošper akisema, "Mama, sufuria si uitume tu," niwe na karatasi ya kumwonyesha.