Faili la Mtakatifu Mtarajiwa

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamua kuwa mtakatifu. Ilikuwa saa tano na robo asubuhi, kipindi cha dini, dawati la tatu kutoka dirishani.

Mwalimu wa dini alituuliza mtakatifu ni nani. Wenzangu wakasema ni mtu mwenye duara la mwanga kichwani. Akacheka. Akasema Mtume Paulo aliandika barua kwa watu wa kawaida kabisa, wanaogombana na kupelekana mahakamani, na bado akawaita watakatifu. Akasema kila aliye mbinguni ni mtakatifu, hata kama huku duniani hakuna anayemkumbuka. Kanisa huchunguza wachache tu, likawatangaza.

Huchunguza! Hapo nikaacha kusikiliza, nikaanza kuandika.

Wakati wa chakula nilibaki maktabani. Nimesoma utaratibu wote. Mtu afe. Ipite miaka mitano. Mashahidi wahojiwe kama alikuwa na fadhila kwa kiwango cha kishujaa. Upatikane muujiza mmoja, aitwe Mwenye Heri. Ukipatikana wa pili, Mtakatifu. Kazi hii inanifaa mno. Mimi hutokwa jasho nikiulizwa jina langu. Huku nitasifiwa nikiwa sipo!

Tatizo ni mashahidi. Wakisubiri nife watakuwa wamesahau. Nimeamua kuwarahisishia wachunguzi kazi: nimefungua faili mwenyewe, mapema. La kijani.

Jioni, habari mbaya. Shangazi amekuja. Anataka bibi ahamie kwake, kwa sababu nyumba yake haina ngazi na yetu ina ngazi kumi na nne, na goti la bibi haliziwezi. Bibi kasema atatoa jibu Jumapili baada ya misa.

Haiwezekani. Nalala chumba kimoja na bibi tangu nina miaka sita. Ndiye mtu pekee ninayeweza kuongea naye bila kwanza kuandika nitakachosema. Ananiita mke mwenzangu. Ati babu, Mungu amrehemu, alituoa wote wawili, ila mimi nilichelewa harusi.

Mpango: siku sita za wema wa kishujaa kwa bibi. Bibi atabaki, faili litajaa. Sioni panapoweza kuharibika.

Jumanne, 15 Julai

Nimeanza na unyenyekevu. Unyenyekevu huanzia miguuni.

Bibi alikuwa kitandani akichambua mchele kwenye sinia. Nikaingia na beseni la maji ya moto, taulo begani. Akaniambia ameoga asubuhi. Nikamweleza kwamba hili si suala la uchafu. Akaniambia basi kama si uchafu nimwache. Nikapiga magoti, nikamshika unyayo.

Kumbe bibi ana mtekenyo! Miaka yote hii hakuna aliyejua. Alipiga teke moja kama la golikipa. Mchele ukaenda juu, beseni likaenda mlangoni, maji yakapita chini ya mlango hadi sebuleni, yakaikuta soketi ya kaka sakafuni. Pap! Umeme wa nyumba nzima ukakatika, na insha aliyokuwa akiiandika kaka kwenye kompyuta ikaenda nao. Kaka anasoma sheria, mwaka wa pili. Alisema maneno ambayo hayako kwenye sheria yoyote.

Nilimpigia magoti kumwomba msamaha. Akaniambia niinuke, nimepiga magoti juu ya simu yake.

Niliporudi chumbani nilimkuta Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, miaka minane, amekaa sakafuni anamkausha bibi miguu kwa fulana yake, huku wanaokota mchele punje moja moja na kuchekana. Bibi alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Sikuona haja ya kuandika jambo hilo. Kitinda hana faili.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya mashahidi. Nimetengeneza fomu yenye maswali kumi na mawili.

Mama alitia saini bila kusoma. Alidhani ni fomu ya ziara ya shule. Saini yake imeangukia kwenye swali la nane, lisemalo: Je, umewahi kumwona mtumishi huyu wa Mungu akinuna? Sasa inaonekana kama jibu.

Nikaenda kwa jirani, fundi cherehani. Nilimweleza kwa sauti ya chini. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasimamisha cherehani, akaniomba nirudie tena, mara hii wateja watatu wakanyamaza kusikiliza. Nikasema nataka kuwa mtakatifu. Mmoja akauliza kama inahitaji vipimo. Nikatamani ardhi ipasuke. Fundi akaniambia nisiwajali hao, akachukua kalamu, akaandika kwa uangalifu: Ni binti mzuri, hana maneno. Pindo la sketi yake ya shule limefumuka, ailete.

Nimeliweka hivyo hivyo. Faili halichagui.

Kile kitabu cha maktabani kinasema zamani Kanisa lilimteua afisa wa kupinga kila kesi ya mtakatifu. Watu walimwita wakili wa shetani. Nikaona ni haki na mimi niwe naye. Nikamwendea kaka. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Kufikia chakula cha jioni alikuwa na kurasa nane, zenye vichwa vya habari vilivyopigiwa mstari. Ukurasa wa tatu: "Kiburi, Sehemu ya Kwanza."

Nilimwambia kwa upole kwamba watakatifu wote walisingiziwa. Akaomba nirudie polepole ili aandike.

Alhamisi, 17 Julai

Kufunga na ukimya, vyote kwa pamoja.

Asubuhi na jioni nilimwekea bibi chakula changu juu ya chakula chake, nikakaa mbele yake kimya, nikimwangalia. Akauliza mbona namtazama kama paka aliyekaa mlangoni kwa muuza samaki. Sikujibu. Nikamwandikia karatasi kwamba nimefunga na siongei kwa ajili yake. Hakuwa na miwani. Akamwita Kitinda asome. Kitinda akasoma kwa sauti, nyumba nzima ikasikia. Bibi akasema huu ukimya una kelele, heri nipige ngoma. Sahani akairudisha nusu. Kasema tumbo lake ni moja.

Shuleni pia leo nilifaidika. Nilimwonyesha mwalimu wa dini faili. Aliligeuza geuza kwa muda mrefu, akasoma hata ile habari ya pindo. Hakucheka, ingawa alitazama dirishani mara mbili. Mwishowe akasema mtakatifu hajitazami kwenye kioo. Humtazama mtu aliye mbele yake.

Ushauri mzito! Nilipofika nyumbani nikageuza vioo vyote vielekee ukutani, hata kile cha bafuni. Kaka hakugundua hadi alipokuwa katikati ya kunyoa. Sasa ana sharubu upande mmoja. Kurasa zimefika kumi na moja.

Bibi hajasema lolote kuhusu Jumapili. Nilimwona akizitazama zile ngazi.

Ijumaa, 18 Julai

Muujiza. Au karibu na hapo.

Asubuhi kabla ya shule niliweka mkono juu ya goti la bibi, nikasali sala ndefu, ya kutoka kichwani na ya kutoka kitabuni. Kisha nikamuuliza linaendeleaje. Akasema afadhali. Nikamuuliza, afadhali kiasi gani? Akasema, "Limepona kabisa, mama, nenda shule utachelewa."

Limepona kabisa! Maneno ya mgonjwa mwenyewe! Nikayaandika yote, isipokuwa yale ya kuchelewa.

Nilikuwa nimesoma kwamba mahali watakatifu wanapoponya watu, waliopona huacha magongo yao yametundikwa ukutani kama ushahidi. Bibi alikuwa amegeuka anajifunga kitambaa. Nikapanda stuli, nikautundika mkongojo wake kwenye msumari ulio juu ya kabati, na kikaratasi: Goti la kulia, 18 Julai. Nikatazama kwa mbali. Ulipendeza sana. Nikafunga mlango wa nje kwa ufunguo kama kawaida yangu ninapokuwa wa mwisho kutoka, nikaenda zangu, moyo mweupe. Shuleni sikumwambia mtu. Watakatifu huficha miujiza yao.

Nimerudi saa tisa. Fundi cherehani alikuwa amepanda ngazi, amesimama barazani kwenye dirisha la chumba chetu, futi ya kupimia shingoni, anazungumza na bibi kupitia nondo. Kaka chuoni, mama kazini, Kitinda shuleni. Bibi hakuweza kuufikia mkongojo wala kusimama bila huo. Alikaa ukingoni mwa kitanda tangu asubuhi, akaita hadi sauti ikakauka, na cherehani ya jirani ina mlio. Alisikika saa sita. Fundi hakuweza kuingia, basi akampitishia kwenye nondo ufito wa pazia wa dukani kwake. Bibi alikwenda chooni na kurudi akitembelea ufito huo, pazia lingali linaning'inia.

Fundi aliniona, akakunja futi yake. Kisha akasema sketi niilete siku nyingine.

Bibi hakunigombeza. Nilisubiri anigombeze, nilikuwa nimejiandaa kuvumilia. Alisema tu, "Mke mwenzangu, hukuniuliza." Akageukia ukutani.

Mama aligomba kwa niaba yake na kwa niaba ya ukoo mzima, walio hai na marehemu. Kaka aliushusha mkongojo. Hakuandika chochote. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Ila ukweli ubaki ukweli: bibi alitembea bila mkongojo. Nimeandika kwenye faili: Muujiza, nusu.

Jumamosi, 19 Julai

Leo sikufanya wema wowote, ili bibi apumzike. Nilikwenda kumkumbusha hivyo kila baada ya nusu saa.

Alasiri Kitinda alikaa naye kwenye ngazi ya juu kabisa. Alikuwa anamtungia uzi kwenye sindano, ulimi nje. Nilisikia kutoka nyuma ya mlango. Kitinda alimuuliza kama ataondoka. Bibi akasema hajui. Kitinda akasema akiondoka yeye atalia, halafu akauliza kama mbuzi wanaota ndoto. Wakaongea habari za mbuzi robo saa nzima.

Nilitaka kwenda kukaa nao. Sikujua ningekaa kama nani.

Jumapili, 20 Julai

Bibi anahamia kwa shangazi. Amesema baada ya misa, mbele ya shangazi aliyekuja na gari, kabla hata viatu havijavuliwa.

Mama akamuuliza kama ni ngazi. Bibi akasema ngazi alishazizoea. Kisha akanitazama, akasema ameishi na watu wabaya miaka themanini, wala hawakumchosha. Mimi nimekuwa mwema siku tano tu, naye yuko hoi bin taabani. Kaka akacheka, mama akacheka, shangazi akakohoa. Bibi hakucheka.

Nikakimbilia chumbani. Nililia kweli. Nililia hadi godoro likalowa, na sikuhesabu dakika, na hakuna shahidi. Kitanda cha bibi kilikuwa kimeshatandikwa, shuka limevutwa kama la hospitali.

Kaka akaingia bila kubisha. Akaniwekea karatasi moja begani, akatoka. Ilikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Kichwa cha habari: "Yanayokubaliwa na Upande wa Upinzani." Chini yake mstari mmoja: Anampenda bibi yake. Halafu: Kasoro, anampenda kama mtu anayegonga mlango ulio wazi.

Sikuelewa mantiki yake. Lakini nimeiweka ya kwanza kwenye faili.

Nilimsindikiza bibi ngazi zote kumi na nne. Alinishika bega, akashuka moja moja, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuwaza faili, nilitazama tu mguu wake unapotua. Garini akashusha kioo, akanivuta sikio, la kushoto, kama zamani. Akasema, "Jumamosi uje, mke mwenzangu. Usiniletee kitu, usinifanyie kitu. Uje tukae tu."

Gari likaondoka. Nilisimama barabarani hadi Kitinda akaja kunishika mkono.

Kukaa tu! Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa, na sasa nimeelewa. Katika kurasa zote za kile kitabu hakuna mtakatifu hata mmoja aliyetangazwa kwa kukaa tu. Nafasi iko wazi kabisa!

Nimetengeneza fomu mpya. Fadhila: kukaa tu, kwa kiwango cha kishujaa. Kuna safu ya saa ya kuanza, safu ya saa ya kumaliza, na safu ya maoni ya aliyekaliwa. Nimempigia shangazi simu kumwomba awe shahidi. Akauliza nitakaa kwa muda gani. Nikamwambia nitafika saa kumi na moja alfajiri, na asiwe na wasiwasi, sitanyanyuka hata wakiniomba.