Mchezaji wa Kumi kutoka Makurunge

Jumatatu, 2 Februari

Nimepata cheo! Tangu saa nne asubuhi mimi, Leodgar, mwaka wa pili umeme, ndiye katibu wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo. Ni kweli hakuna mwingine aliyeomba. Haidhuru. Cheo ni cheo.

Kazi ya kwanza: Kocha Katarina anataka wachezaji wa msimu uliopita na wa msimu huu kwenye karatasi moja, tuone nani kaondoka na nani kaingia. Jumamosi tunacheza na Msata hapa hapa Bagamoyo. Mwaka jana walitufunga sabini na moja kwa ishirini na nane. Mkuu wa chuo kashatangaza mbele ya wote: tukifungwa tena na Msata, uwanja utageuzwa karakana ya kuchomelea. Mawe ya msingi yameshamwagwa pembeni. Nimeyaona. Lori zima!

Nimechora safu mbili. Mwaka jana: kumi na wawili. Saba wamehitimu. Tumebaki watano, mimi nikiwamo. Wapya wanne. Jumla tisa. Nimehesabu mara tatu. Tisa.

Mwaka jana nilicheza dakika nne msimu mzima. Kwenye safu ya uzoefu, mbele ya jina langu, nimeandika: upo.

Jumanne, 3 Februari

Nimeazima futi karakana nikapima kila mtu. Msiba! Ramadhan, nahodha wetu, mwaka jana alikuwa mfupi wa pili katika timu. Mwaka huu ni wa tatu kwa urefu. Hajaongezeka hata nukta. Mrefu wa kweli ni Najim tu, mwaka wa kwanza, mita moja na themanini na nane. Mimi nimejipima na viatu, na nywele.

Tabia akaja kuchungulia. Tabia anasoma ushonaji na ndiye mtunza daftari la pointi, kwa hiyo anajiona ndiye anayeujua mpira kuliko wacheza mpira. Akasema nalinganisha kitu kisicho na maana. Eti kwa daftari lake, mwaka jana tulipoteza mpira mara ishirini na tatu kila mechi, kwa sababu wale warefu walikuwa hawapasiani. Mazoezini mwaka huu, mara tisa. Nikamwambia kwa daftari hakuna mtu aliyewahi kufika kikapuni. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Lakini karatasi ilitia huruma. Safu ya kushoto majitu, safu ya kulia sisi. Nani ataisoma asilie? Ndipo wazo likaja, zuri mno hadi nikasimama. Kwenye mstari wa kumi nikaandika: Mwinjuma, kutoka Makurunge, mita mbili na sentimita nne.

Mwinjuma huyo hayupo. Ila karatasi sasa inapendeza!

Jumatano, 4 Februari

Karatasi iko ubaoni. Umati! Watu wa ushonaji, watu wa magari, hata wapishi. Wote wanauliza Mwinjuma anafika lini. Mmoja akaapa kwamba anamfahamu.

Kocha Katarina akaniita ofisini. Nikaamkia kwa adabu zote. Akaitikia marahaba, akauliza huyo Mwinjuma ni nani. Nilitaka kusema ukweli. Naapa. Mdomo ukasema ni binamu yangu, amesajiliwa juzi kozi ya ujenzi, ataripoti Jumamosi. Kocha akafumba macho, akasema taratibu, "Mungu mkubwa. Miaka sita naomba mtu mmoja mrefu."

Jioni akabadilisha mazoezi yote. Sasa kila mpira unarushwa juu, kwa Mwinjuma. Kwa kuwa hayupo, nafasi yake imeshikwa na ngazi ya karakana. Ngazi imedaka mipira miwili. Mimi hata mmoja.

Alhamisi, 5 Februari

Balaa dogo. Najim hakuja mazoezini. Nimemkuta bwenini kalala kifudifudi. Anasema kama jitu la mita mbili linakuja, yeye wa nini? Anahamia mpira wa wavu. Nikamsihi avumilie. Akaniuliza Mwinjuma anarukaje. Badala ya kunyamaza nikasema haruki, hana haja. Najim akageukia ukutani.

Balaa la pili, au neema, bado sijajua: mtu kaipiga picha karatasi yangu na imefika Msata! Nahodha wao kampigia Ramadhan simu kuuliza kama Mwinjuma ni mwanafunzi kweli. Nasikia wanawaacha nje wale wepesi wao na kuanza na mabonge matatu, ili wamzuie. Wamzuie nani? Raha iliyoje! Kalamu yangu peke yake imepanga timu ya watu!

Sasa lazima Mwinjuma apatikane.

Ijumaa, 6 Februari

Makurunge, kwa bodaboda, na vumbi hadi kwenye meno. Nimekwenda kutafuta mtu yeyote mrefu. Mama lishe mmoja, Bi Batuli, akaniuliza namtafuta nani. Nikasema simjui jina, ila ni mrefu. Akanitazama muda mrefu, kisha akaelekeza kijiko juu ya paa la jirani. Kule juu alikuwa amechuchumaa fundi anapigilia bati. Akasimama. Akaendelea kusimama. Nikadhani hatamaliza!

Anaitwa Muhammad. Mtu mpole. Hajawahi kushika mpira wa kikapu. Nikamweleza kwamba hatacheza, atakaa tu benchini kavaa traksuti, watu waone tuna hazina. Akauliza kama kuna uongo ndani yake. Nikamwambia kukaa si kusema. Akafikiri. Akasema Jumamosi hana paa, atakuja, ila akiulizwa jambo atajibu.

Nani atamuuliza?

Jumamosi, 7 Februari

Naandika mchana huu huu.

Uwanja ulijaa. Msata wakashuka kwenye basi wakiwa na mabonge yao matatu. Muhammad akaja, traksuti ikamwishia chini kidogo ya magoti. Uwanja mzima ukainua shingo. Kocha wa Msata akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Ni dakika tamu kuliko zote maishani mwangu.

Kocha Katarina akaita, "Mwinjuma!" Akaita tena. Muhammad alikuwa anatazama paa la bweni. Nikamkanyaga mguu. Akasimama.

"Karibu sana, mwanangu. Kozi yako ya ujenzi unaianza lini?"

"Shikamoo, mwalimu. Mimi sina kozi. Naitwa Muhammad, fundi wa kuezeka. Huyu kijana kaniomba nikae."

Kocha hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alinitazama tu, kisha akachukua karatasi ya wachezaji, akaukata mstari wa kumi kwa kalamu, akavuka uwanja mzima mbele ya watu hadi kwa kocha wa Msata. Nikamwona anaeleza. Nikamwona anainamisha kichwa. Kwa ajili yangu. Nilitamani ardhi ipasuke, kidogo tu, kiasi cha upana wangu.

Aliporudi akamwomba radhi Muhammad, akampa kiti cha wageni. Kisha akapaza sauti kuelekea kwa watazamaji: "Najim! Najua uko hapo. Shuka, mwanangu. Hapa hakuna mrefu mwingine."

Najim akashuka na kandambili. Akaazima viatu.

Mimi nikaondolewa benchini na kupewa kazi ya kufuta jasho sakafuni.

Mechi sasa! Mabonge ya Msata yalikuwa mazito, wetu wakawapita kama maji. Ishirini na mbili kwa kumi na tatu! Lakini kabla ya mapumziko kocha wao akawatoa, akaingiza wepesi wake, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Arobaini kwa arobaini. Arobaini na nne kwa arobaini na tano. Mkuu wa chuo kasimama jirani na yale mawe yake. Sekunde saba. Ramadhan angeweza kutupa mwenyewe. Wale warefu wa mwaka jana wangetupa! Yeye akapasia pembeni, wa pembeni akampa Najim, Najim akaruka.

Arobaini na sita kwa arobaini na tano!

Nilikimbia uwanjani na dekio mkononi. Nikamkumbatia Tabia kwa makosa. Akanisukuma, kisha akanionyesha daftari: mipira iliyopotea, minane. Mkuu wa chuo kampa kocha mkono na kusema karakana itatafutiwa mahali pengine.

Nikamwendea kocha. Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba, ukiangalia vizuri, mabonge ya Msata yaliletwa na kalamu yangu. Akasema pointi tisa za mwanzo ameziona, na ndizo zinazomkosesha raha katika ushindi huu. Akasema ukatibu ni wa Tabia kuanzia sasa, na mimi nitafua jezi mwezi mzima.

Nikasema nimejifunza. Akaniuliza nimejifunza nini. Nikasema ningemfundisha Muhammad jina lake jipya vizuri zaidi. Akaniambia nikafue.

Jumapili, 8 Februari

Siku njema kabisa! Baada ya misa Mama Vaileth, mwalimu wa kwaya, alikuwa analalamika kwa sauti uani. Waimbaji wa besi wa mwaka jana wote wamehama, mwaka huu amebaki na mmoja mwenye mafua, na tamasha la kwaya ni mwezi ujao. Nikamwamkia. Nikamwambia anayetakiwa hapo ni mtu wa kumwekea orodha mbili pamoja, ya zamani na mpya, na kwamba kazi hiyo nina uzoefu nayo. Akafurahi mno. Nimeshaanza kuchora safu.

Na nimeshamdokeza kwamba kule Vigwaza kuna kijana mmoja, akishusha besi, vioo vya kanisa vinatikisika. Ameniuliza jina lake nani.

Nimemwambia nitamletea kesho.