Meza Yangu na Jina la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya kumi na moja imefika. Mhariri wa jarida anashukuru kwa hadithi yangu, ameisoma kwa makini, ila kwa sasa hana nafasi. Kwa sasa! Tangu mwaka juzi ni kwa sasa. Lakini safari hii ameandika jina langu bila kukosea. Tunakaribiana.

Mke wangu ameisoma barua akiwa na pini tatu mdomoni. Ni fundi cherehani. Chumba chetu kimebeba kitanda, cherehani, magauni ya watu ukutani, na meza yangu ya kuandikia. Yeye anakatia vitambaa sakafuni. Ametoa pini mdomoni, dalili mbaya, akasema magoti yake hayakutengenezwa kiwandani. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikikubaliwa, meza ni yangu maisha yangu yote na hatatia neno. Nisipokubaliwa, meza inakuwa ya kukatia vitambaa, na mimi mwandishi mkubwa nitaandikia mapajani.

Nimekubali. Alikuwa ameshika mkasi.

Jumatano, 5 Machi

Kazini. Duka la vifaa vya ujenzi, mimi napima misumari. Bosi amegundua kwamba hadithi zangu zilizorudishwa zinafungia misumari vizuri kuliko gazeti. Eti karatasi yake ngumu. Katika miaka yote hii, hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyopewa na mtu asiye ndugu yangu.

Adhuhuri seremala mmoja akarudi mbio, ukurasa wangu mkononi. Ule wa tatu, baba anapokata roho! Nikaweka mizani chini. Nikamwuliza kwa upole kama anataka kujua iliishaje. Akasema misumari imepungua kumi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeigundua siri yao!

Nimesoma matoleo sita ya jarida mfululizo, nikiwa nimesimama kwa muuza magazeti. Aliniambia kama nimehamia nikalete godoro. Sikumjali. Katika matoleo sita, hadithi nne zimeandikwa na kina bibi. Picha zao zipo: miwani, kitambaa kichwani, uso wa mtu aliyeona mengi. Kumbe hadithi zangu hazina kasoro. Kasoro ni mimi. Sikuzaliwa bibi.

Bibi wa kufaa ninaye mmoja: mama mkwe. Mkunga mstaafu. Miwani anayo, mikubwa. Ni mtu ambaye nikimwona kwa mbali tu mikono inatoka mfukoni yenyewe. Kumwomba ruhusa ya kutumia jina lake? Sithubutu. Kwa hiyo nimeliazima bila kumsumbua.

Jarida linataka na namba ya simu. Yangu mhariri anaijua, na siku hizi haipokei. Nimeweka ya mama mkwe. Hakuna hatari: Mama hapokei namba asiyoijua. Husema wote hao ni matapeli.

Hadithi ya kumi na mbili imeondoka leo. Ina msichana, safari, mchumba, mjomba mwovu, na mtoto anazaliwa njiani. Mpango hauna tundu hata la sindano.

Ijumaa, 14 Machi

Mama amepokea namba asiyoijua.

Ameniita kwake. Nilimkuta sebuleni, simu imelala pajani kama kidhibiti cha mahakamani. Akasema kuna kijana mwenye adabu sana (mhariri!) amempigia kumpongeza kwa hadithi aliyoiandika. Nikamwuliza, kwa sauti niliyoiokota sijui wapi, Mama alijibuje. Akasema alijibu ahsante. Angesema nini, kwamba mkwewe ni mwizi wa majina? Halafu binti yake auweke wapi uso?

Kisha akaniamuru niisome. Yote. Nimesimama.

Nikasoma. Nilipofika pale msichana anapojifungua, Mama akainua mkono. Nilikuwa nimeandika hivi: "Mvua ilikuwa inanyesha. Akashikwa na uchungu, akajifungua mtoto wa kiume, akaendelea na safari." Mama akavua miwani. Akauliza, mkwe wangu, wewe mtoto anayezaliwa hivyo ulimwona wapi? Nikamwambia huo ni ubunifu, Mama. Akasema amezalisha kwa miaka thelathini na moja, na hajakutana na mtoto aliyepita katikati ya koma mbili.

Nilidhani ataniruhusu kuondoka. Akasema vuta kiti, leta kalamu.

Jumanne, 18 Machi

Mhariri amempigia tena. Wameongea dakika hamsini! Mimi hajawahi kunipa sekunde hamsini, tena siku niliyomsubiri langoni. Amemwomba Mama arefushe kile kipande cha uzazi, maana kabla ya simu kukatwa Mama alishamsimulia kinavyotakiwa kuwa.

Basi kila nikitoka dukani napitia kwake. Yeye anasimulia uzazi mmoja aliousimamia mwenyewe zamani, mimi naandika. Leo nimejaribu kuchomeka machweo mekundu kama shada la maua. Akauliza nani ana nafasi ya kutazama machweo, mtu ana uchungu? Futa. Nikachomeka kilio cha ndege. Futa. Amefuta safari, amefuta mchumba. Jioni akamfikia mjomba mwovu. Mjomba huyo nimemlea miezi mitatu, nimempa kovu, nimempa bakora, nimempa kicheko chake mwenyewe. Mama akauliza anafanya nini chumba cha kujifungulia. Nimemfuta kwa mkono wangu.

Mke wangu anauliza mbona nashinda kwa mama yake. Nimemjibu namsaidia mambo ya maandishi. Amenisifu, ati wanaume wangapi wanawajali wakwe zao namna hii. Nikaona haya. Zikaisha kabla ya chakula.

Alhamisi, 27 Machi

Imetoka!!

Bosi nilimwambia naumwa jino, nikaenda nimeshika shavu mpaka kona, kisha nikakimbia. Kurasa nne. Jina la Mama kwa herufi kubwa. Picha ya Mama, miwani inang'aa. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari kujitafuta. Ukurasa wa kwanza, simo. Wa pili, simo. Wa tatu, katikati kabisa, nikajikuta! "Mvua ilikuwa inanyesha." Nzima, na nukta yake!

Nikamwambia muuza magazeti mvua ile ni yangu. Akatazama juu.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya hukumu. Niliingia nyumbani nikamkuta Mama ameketi kitandani, na mke wangu ameinamia cherehani, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mama alishamwambia yote, hata ile sauti niliyoiokota.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema makubaliano yetu yalikuwa nikikubaliwa. Hayakutaja nikubaliwe kwa maneno mangapi. Sentensi yangu imekubaliwa, imepigwa chapa, inauzwa. Meza ni yangu! Mke wangu akamgeukia mama yake. Nikaomba kimoyomoyo. Mama, Mungu ampe maisha marefu, akasema ni kweli, mvua ni ya mkwe. Yeye siku ya uzazi ule anaikumbuka, kulikuwa na jua kali.

Mke wangu akainuka kwenye cherehani. Kisha akaitoa futi ya kitambaa shingoni, akalifungua jarida, akaipima sentensi yangu kuanzia M hadi nukta. Sentimita nne kamili. Akaipeleka futi kwenye meza, akapima sentimita nne kutoka ukingoni, akapiga mstari kwa chaki yake ya kukatia. Upande huu wako, baba, akasema, na mimi si mchoyo: ukichapishwa sentensi nyingine, chaki itasogea.

Kitambaa cha gauni la bibi harusi kikatua palepale. Akakata akiwa amesimama wima, anaimba. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba.

Nimelaza kalamu kwenye eneo langu. Imetosha, ikikaa kiubavu.

Jumatano, 2 Aprili

Mhariri amemwandikia Mama. Anataka apewe ukurasa wake kila toleo. Mama ameniagiza nijibu kwamba amekubali, na kwamba mwandishi wake anaandika pole pole lakini ana mwandiko mzuri. Yaani mimi. Chini ya barua mhariri ameongeza: kazi yote ni safi, ila ile sentensi ya mvua ilimkera, wakitoa kitabu waiondoe. Barua hiyo mke wangu haioni ng'o.

Nimekaa nikajichunguza kwa uaminifu mkubwa. Nimekosea wapi? Nimepaona. Nilichukua jina la mtu mwenye mawazo yake, tena anayepokea simu. Nilihitaji jina ambalo mhariri analiheshimu kuliko yote duniani, na ambalo hawezi kulipigia, maana akipiga atakuta simu inatumika.

Nililiona mwishoni mwa barua, kwenye saini.

Hadithi ya kumi na tatu nimeiposti asubuhi ya leo. Mjomba mwovu yumo, mzima wa afya. Mwandishi: mhariri mwenyewe. Sasa tuone atajikataaje.