Kitambaa cha Kipa Nasr Mbele ya Pua ya Luay

Sogezeni mito, enyi watu wa Ibra na Nizwa na Sur. Funikeni birika la kahawa lisipoe, na mwenye simu aizime, kwani leo sisimulii vita vya ngome wala misafara ya wafanyabiashara. Hayo yana waandishi wake, na wengi wao walisinzia wakiandika. Nasimulia jambo kubwa kuliko hayo, ambalo upana wake haukuzidi stempu ya barua: kipande cha jezi ya manjano, jinsi kilivyokatwa kwa siri, kilivyotukanwa hadharani, na kilivyoshinda.

Katika mwaka wa elfu mbili na nne homa ya kadi iliingia nchini kupitia Dubai, nayo haikuwa na dawa. Zilikuwa kadi za picha za wachezaji mpira wa ng'ambo, na zile tukufu zaidi zilitobolewa kidirisha katikati, na ndani ya kidirisha kikabandikwa kipande cha nguo. Nyuma yake iliandikwa kuwa nguo ile imevaliwa katika mechi. Mechi gani, haikusemwa. Nani aliivaa, haikusemwa pia. Huenda mshambuliaji, huenda mkata majani wa kiwanja. Na vijana wetu, ambao humwapisha muuza samaki mara tatu kwamba nguru wa leo ni wa leo, walizipokea kadi hizo kwa mikono miwili na kuzibusu.

Hapo ndipo alipoinuka Luay bin Hamoud wa Nizwa, Amiri wa Fotokopi, Mlinzi wa Albamu, mwenye duka la madaftari karibu na soko. Alitangaza kwamba wachezaji wetu nao watakuwa na kadi zao zenye nguo zao, na zote zitakaa katika albamu moja, na albamu itawekwa ndani ya kabati la vioo mlangoni mwa duka lake ili vizazi vije kustaajabu. Mifuko yote ya albamu ilijaa ukabaki mmoja, nao uliwekewa shujaa wa fainali ya Kombe la Wilaya, Nasr wa Ibra, Ukuta wa Sharqiya, aliyepangua penalti tatu huku kamba ya kiatu kimoja imefunguka.

Luay aliogopa ghushi kama paka aogopavyo maji, kwa hiyo aliweka sheria. Mchezaji hatotoa ushahidi, kwa kuwa wachezaji hupenda kusifiwa. Wala ndugu yake hatoapa, kwa kuwa ndugu hulindana. Shahidi mmoja tu alikubaliwa, jasho, na hakimu mmoja, pua ya Luay. Kitambaa kikinuka, ni cha kweli. Kisiponuka, mwenye nacho aende zake.

Sasa sikilizeni habari za Buthaina, dada yake Nasr, karani wa Ibra, Jemadari wa Mkasi. Kaka yake alikuwa Sur, kazini kwenye mtambo wa gesi, na jezi ya fainali ilikuwa imekunjwa kabatini mwake, moja pekee, haina pacha. Buthaina hakumwomba ruhusa. Alijiambia kwamba utukufu ukishapatikana, ruhusa itakuja yenyewe. Akachukua mkasi wa mama yake wa kukatia vitambaa vya kofia, akakata kifuani, upande wa kushoto, mraba ulionyooka kama kiwanja. Siku ya pili yake Nasr alipiga simu kusema kwamba Jumamosi anarudi na ataitaka ile jezi, maana klabu inapiga picha.

Na balaa haliji peke yake. Siku hiyohiyo zikaja habari kwamba Turki wa Mudhaibi, Mfalme wa Maneno Matamu, naye amepeleka Nizwa kitambaa cha manjano cha jezi ya Nasr, na kwamba Luay alikinusa akarudi nyuma hatua mbili akilia machozi ya furaha. Buthaina alikimbilia kitambaa chake, akakitia puani. Kilinuka udi. Udi, enyi wasikilizaji, kama bibi harusi siku ya saba.

Aliyefanya hayo alijulikana. Alikuwa mama yao, Bi Mahfoudha, mzaliwa wa Tabora, Mvunja Madoa, Hofu ya Vumbi, ambaye nyumbani kwake nguo chafu haikuwahi kulala usiku mmoja. Buthaina alimwendea akakiri yote, mkasi na tundu na Jumamosi, kisha akamuuliza kwa nini aliifua jezi ya kihistoria.

"Ulitaka niiweke hivyohivyo, niitazame?" akasema Bi Mahfoudha. "Kaka yako aliingia ananuka kama kiatu. Nilimvua mlangoni, nikaifua mara mbili, nikaifukiza. Mtoto wangu atembee mjini na uvundo wa mpira, watu waseme hana mama?"

Akaambiwa sheria ya Luay. Akala tende moja, akatema kokwa. Kisha akasema wavae mabuibui yao.

Ijumaa baada ya chakula wakapanda teksi ya rangi ya chungwa na nyeupe, wakavuka Mudhaibi bila kuipa salamu, nchi ikipita kulia na kushoto na Bi Mahfoudha akimlaumu dereva kwa vumbi la dashibodi mpaka akalifuta mwenyewe. Alasiri wakafika dukani. Luay alikaa nyuma ya mashine ya fotokopi kama kadhi, albamu mbele yake, na Turki alisimama kando, kanzu nyeupe pe, anatabasamu.

Luay na Turki wakamwamkia mama shikamoo, maana baba zao nao walitoka huko bara, na Bi Mahfoudha akaitika marahaba bila kutabasamu. Luay akakiinua kitambaa cha Buthaina. Akanusa mara moja, akanusa mara ya pili, kisha akakiweka chini kwa huzuni kubwa.

"Dada Buthaina, wallahi sikudharau," akasema. "Lakini hii haikucheza mpira. Hii imekwenda harusini."

Turki akacheka kwa adabu. Akaeleza, mkono kifuani, kwamba chake alikiokota baada ya fainali, katika chumba cha kubadilishia nguo, jezi bado inatiririka jasho. Buthaina alikodoa macho kwenye mfuko ule mtupu wa albamu akaiona Jumamosi ikimjia kama lori lisilo na breki. Alifungua kinywa ahutubie, maana alikuwa ametayarisha maneno mengi na mazuri njia nzima, lakini mama yake akamgusa kiwiko, akauliza swali dogo.

"Chumba gani, baba?"

Turki akarudia kuwa ni chumba cha wachezaji, pale kiwanjani Ibra.

"Kiwanja chetu kina milingoti minne na mkunazi mmoja," akasema Bi Mahfoudha. "Watoto wanakwenda na jezi mwilini na wanarudi nazo mwilini, nyuma ya pikapu. Chumba hicho umekijenga lini?"

Bi Mahfoudha akakichukua kitambaa cha Turki kwa ncha mbili za vidole, akakinusa kama mtu anayepima maziwa, akakirudisha mezani.

"Mimi nimefua jasho la mume na la watoto watano. Hili si la mtu. Hili ni la beberu."

Turki alitazama dari, akatazama mlango, akaona Buthaina amesimama mlangoni. Hatimaye akasema kwa sauti ya chini kwamba jezi aliinunua sokoni, mpya, na alimvalisha beberu wa babu yake siku tatu. "Lakini, mama, yeye kweli alikimbia sana."

Luay alikuwa amejifunika pua kwa ncha ya kilemba. Akajaribu kuiokoa sheria yake, akasema kwamba hata hivyo cha Buthaina hakina jasho, na bila jasho atajuaje. Hapo Bi Mahfoudha alivuta albamu, akafungua ukurasa wa kwanza, akachomoa kadi moja ya ng'ambo, yenye nguo kidirishani, ambayo Luay hakumruhusu hata ndugu yake aishike. Akainusa pande zote.

"Hii haina jasho, haina sabuni, haina hata mtu. Na umeiweka ya kwanza." Akairudisha taratibu. "Sikiliza, ya ibni, mwanangu. Kijana wa kwetu akicheza mpira, nguo yake inafuliwa na inafukizwa kabla hajamaliza kuoga. Ukiona jezi yake inanuka baada ya wiki, jua imeibwa au si yake. Wewe kanzu yako nani kaifukiza leo?"

Luay aliinamia bega lake mwenyewe, akanusa. Akasema ni mama yake.

Alikichukua kitambaa chenye udi, akakibandika kidirishani chini ya picha ya Nasr, akaitia kadi mfukoni mwa albamu, ikalia chwaka. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini, na miji iliyowahi kutekwa kwa kelele zaidi haikutekwa kwa haki zaidi.

Jumamosi Nasr alirudi, akafungua kabati, akaona dunia kupitia kifua cha jezi yake. Ngurumo yake ilisikika mpaka kwa jirani. Buthaina, jemadari, alikuwa nyuma ya mama. Ukuta wa Sharqiya akasimuliwa habari yote. Aliwasha gari, akaendesha hadi Nizwa, akamwomba Luay amfungulie kabati la vioo. Akainama juu ya kadi, yeye ambaye kisheria hakuruhusiwa kushuhudia, akavuta pumzi.

"Yangu," akasema. "Inanuka nyumbani."

Basi na waandike wanaoandika kwamba katika mwaka ule, mbele ya fotokopi na madaftari, pua ilishindwa na sabuni. Mwaka ule klabu ilipiga picha yake ya ushindi, na kipa wake, kwa hiari yake mwenyewe, amesimama katikati na tundu la mraba kifuani, ngozi inaonekana, kidevu juu.